Ukuta Ukiwa Hewani

Kabla ya kusimamisha ukuta wowote, Fundi alitukimbiza kwanza. Sisemi mzaha. Asubuhi na mapema, umande bado uko kwenye migomba, ukuta umelala chini umeshapigiliwa miti yake yote, yeye anasimama katikati ya uwanja na kuuliza mmoja mmoja: "Wewe, ukuta ukikujia, unakimbilia wapi?" Ukijibu "huko", anataka umwonyeshe, tena kwa miguu, si kwa kidole. Basi utaona wanaume wazima na ndevu zao wanatoka mbio, wanakimbia kitu ambacho hakijafanya lolote. Huyu anaingia kwenye mibuni, yule anaruka mfereji. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walitua ndoo chini ili wacheke vizuri, na mwenye nyumba alianza kujiuliza kama mafundi aliowaleta wana akili timamu.

"Waache wacheke," Fundi alisema. "Kicheko hakijawahi kumvunja mtu mguu. Haya, tena! Barnaba, umekimbia kama bibi harusi."

Jina lake silitaji kwa sababu hata alipokuwa na nguvu zake hakuna aliyelitaja. Kulikuwa na fundi baiskeli, kulikuwa na fundi cherehani, na kuanzia Nyaishozi hadi Kimuli kulikuwa na Fundi, basi. Alikotoka na ukoo wake pia siyaanzi, maana mwenyewe alijibu tofauti kila alipoulizwa, kulingana na alivyoshiba siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa hii. Watu wengine kwetu walijenga kwa kuchimbia mti mmoja mmoja. Yeye aliunda ukuta mzima ukiwa umelala chini, mti wa chini, mti wa juu, na ya katikati yote, mikaratusi mibichi mizito ya kuumiza bega, akaipigilia kwa misumari ya zamani aliyoinyoosha kwa nyundo, maana miaka ile baada ya vita vya Amini msumari mpya ulikuwa kitu cha kusikia tu. Kisha ukuta wote uliinuliwa kwa mara moja. Kuta zake zilikuwa ndefu, za vigango vya kanisa, za maghala ya kahawa, na za watu wenye maringo. Na waliouinua kila ukuta walikuwa wanne tu: yeye mwenyewe, Barnaba mwimba kwaya wa Kilutheri, Salvatori aliyekuja kutoka Burundi kutafuta vibarua akabaki, na mimi.

Mimi niliingia kwenye kundi lile kwa shida zangu. Nyumba yangu ya kwanza, pale Nyaishozi, ilianguka wakati wa mvua za masika. Ukuta wa chumbani ulilala juu ya kitanda. Kwa bahati mke wangu, Stela, alikuwa ametoka na mtoto kwenda kuchochea moto. Hakulia wala hakugomba. Alimfunga Edita mgongoni, akaniambia, "Baba Edita, mimi silali tena chini ya ukuta uliosimamishwa na walevi," akaenda kwao. Na baba mkwe akaleta neno: nyumba isimame, iwe imara, aje aiangalie mwenyewe. Isipokuwa hivyo, binti yake atabaki hapo hapo na mimi nitafute mwingine wa kumwangushia kuta. Nikamfuata Fundi. Tulipatana nimfanyie kazi msimu mzima, halafu wanisimamishie nyumba yangu.

Stela hakukosea aliposema walevi. Kwetu nyumba ilisimamishwa na rubisi. Mwenye nyumba anapika pombe yake ya ndizi, anaita kijiji, wanakuja na shangwe. Kwanza wanaonja ili wapate nguvu, wanaonja tena ili kuhakikisha, na wakifika kwenye ukuta nusu wanainua na nusu wananing'inia, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyebeba. Fundi alikuwa na chuki na jambo hilo. "Nipe wanne wanaoogopa," alisema, "nikupe wewe hao thelathini wenye furaha."

Lakini kuwaambia watu wasije kwenye rubisi ni kutafuta uadui wa kata nzima. Ndipo akabuni ujanja wake. Alitangaza kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya sukari, kwamba ukuta wa fulani utasimama Jumamosi. Sisi tukausimamisha Ijumaa. Jumamosi watu wanafika wamekunja mikono ya mashati, wanakuta ukuta wima, mihimili imekazwa, na Fundi amekaa kwenye kigoda na mrija wa kibuyu mdomoni. "Jamani, mmechelewa!" anasema, na uso wake hauna hata chembe ya aibu. Walikasirika mpaka vibuyu vilipowafikia.

Na usidhani yeye alikuwa mtu wa kiasi. Lo! Rubisi aliipenda kuliko sisi wote. Ila Ijumaa alikaa juu ya chungu chenyewe, matako juu ya kifuniko, wakati sisi tunapanga kamba, ili asije mtu akachota. Salvatori alimwuliza siku moja nani anamlinda yeye. Fundi akafikiri kidogo, akainuka, akamwita mwenye nyumba aje akalie chungu.

Kazi yenyewe aliigawa vipande vidogo mpaka ilichosha. Kwanza vigingi mbele ya mti wa chini, ili ukuta usiteleze. Kisha kufagia uwanja: kila kipande cha mti, kila jembe, kila ganda la ndizi. Kisha tunainua mti wa juu hadi magotini, tunaweka gogo, tunapumua. Tunainua hadi kifuani, tunaegemeza, tunapumua. Kuanzia hapo mikono haifiki, tunashika miti mirefu yenye panda na kusukuma, hatua kwa hatua, na sauti ni moja tu, ya kwake. Yeye alikaa nyuma yetu na kamba. Kamba ilitoka kwenye mti wa juu, ikazungushwa kwenye kisiki, na ncha ikawa mkononi mwake.

"Ninyi mnaogopa ukuta ukipanda," alituambia. "Ukipanda unauona, unauhisi, uko mikononi mwako. Ubaya ni pale unapofika. Mnafurahi, mnalegea, na wenyewe unaendelea na safari upande wa pili." Kamba ya nyuma ilikuwa ya kuuzuia safari hiyo. Kuna jamaa mmoja wa Kimuli aliyetaka kumwiga, akafunga kamba ya nyuma kwenye mgomba kwa sababu ulikuwa karibu. Ukuta ulisimama, ukapita, ukaondoka na mgomba na mkungu wake mpaka kwenye maharage ya jirani. Fundi alipopita pale baadaye alivua kofia mbele ya lile shimo la mgomba, akampa mwenye nyumba mkono wa pole kama wa msibani. Jamaa hakusema naye hadi Krismasi.

Miezi ya senene, wale panzi watamu wa kukaanga, hatukusimamisha kitu. Alijua kwamba senene wakitua, hakuna mtu wa Karagwe atakayebaki ameshika mti. "Hata mimi," alisema, "nisingejiamini."

Adui yake mkubwa ulikuwa upepo. Aliuchukia upepo kama mtu anavyomchukia jirani aliyemlia kuku. Alitaka tuanze alfajiri kabla haujashuka kutoka milimani, alitupa majani makavu juu na kuyatazama, na jani likienda upande aliutukana upepo kwa Kinyambo, maneno ambayo Barnaba aliyasikia akiwa ameziba masikio. Na sifa hakugawa na mtu. Ukuta ukisimama vizuri, ni yeye aliyeusimamisha. Sisi tulikuwepo tu.

Sasa nije kwenye kioja chake kikubwa. Kwa salamu, hakuna mtu niliyemjua aliyekuwa mkali kama yeye. Kijana mmoja alimwambia shikamoo huku anateremka na baiskeli, Fundi akamrudisha mpaka juu ya kilima, akamshusha, akamsimamisha, akamsalimu upya: mama hajambo, kikohozi cha babu kimeishaje, yule mbuzi aliyekuwa anachechemea. Kijana alikuwa anawahi basi Kayanga. Basi likaenda zake.

Lakini mtu huyo huyo aliweka sheria moja kazini, na sheria hiyo alitusomesha kila asubuhi baada ya kutukimbiza: ukuta ukiwa hewani, hakuna shikamoo. Hujibu, husalimu, hugeuki. Maana kwetu salamu si mdomo peke yake. Unavua kofia, unatoa mkono, mwanamke anapiga goti, na mkono unaosalimu si mkono ulioshika ukuta.

Siku tunayosimamisha kigango, paroko akatokea. Sisi tuko kwenye miti ya panda, ukuta umefika mahali pabaya. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. Kimya. Akadhani hatukusikia. "Tumsifu Yesu Kristo!" Kimya. Barnaba, ambaye hata si Mkatoliki, midomo ilikuwa inamtetemeka kwa hamu ya kujibu. Tukasukuma, tukasukuma, ukuta ukasimama, tukapigilia mihimili upande huu na upande ule, Fundi akafunga kamba yake fundo la mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia padri na uso mtakatifu: "Milele, amina." Padri akaomba aonyeshwe pa kukaa.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu, na hapo ndipo alipotudanganya kuliko pengine popote. Mimi aliniambia ni mamba wa mto Kagera. Barnaba aliambiwa ni askari wa Amini. Paroko aliambiwa ni kupiga magoti. Tuliwahi kukutana wote watatu na kulinganisha, tukamwendea kumshtaki. Akasema kila hadithi ilipewa mtu anayeifaa.

Msimu ukaisha, ikafika zamu ya nyumba yangu. Jumapili Fundi alitangaza Jumamosi, kwa sauti, mpaka kwa wakwe zangu habari ikafika: Jumamosi ukuta wa mbele, ndio wa mwisho, unasimama, baba mkwe atakuja kuona. Akaongezea na uongo wa bure, kwamba Ijumaa mimi nitashinda Kayanga kutafuta misumari. Huo uongo wa pili ndio uliotaka kuniua.

Lazima ujue kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akitokea njiani, unaingia migombani. Ukichelewa, yeye anajifunika kanga usoni. Kukutana ana kwa ana ni aibu ya kutozwa mbuzi na kusemwa na ukoo mzima, na kwa mtu ambaye mke wake yuko kwao, ni sababu tosha ya kuambiwa asimtarajie tena.

Mama mkwe wangu alikuwa na hamu ya kuiona nyumba atakayolala binti yake. Jumamosi asingeweza, mimi nitakuwepo. Kwa hiyo alichagua siku ambayo mimi niko Kayanga.

Ijumaa, jua ndiyo kwanza linachomoza, ukuta umepita vichwa vyetu, miti ya panda imekaza, mimi niko katikati. Ukuta ulikuwa bado mifupa mitupu, haujapata matete wala udongo. Nikaona mtu anatoka migombani upande wa mbele na kikapu kichwani. Akainua uso. Nikainua uso. Tukatazamana kati ya mti na mti, mimi na mama mkwe wangu, macho kwa macho, hakuna hata jani moja katikati.

Yesu na Maria! Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukimbia. Na njia ya kukimbilia nilikuwa nayo, nilikuwa nimeifanyia mazoezi asubuhi ile ile. Nikikimbia, ukuta utawalalia wenzangu. Nikibaki, Stela ndiyo basi tena.

"Baba Edita!" Sauti ya Fundi ikatoka nyuma. "Fumba macho. Mikono ibaki."

Nikafumba. Naapa nilifumba mpaka machozi yakatoka. Ila Salvatori, kwa adabu zake za kwao, aliona mama mtu mzima na mkono wake mmoja ukaenda kwenye kofia. Upande wake ukazama. Nilisikia mti wake wa panda unakwaruza, nikasikia Barnaba anamwita Mungu, na uzito wote ukanijia begani. Miguu ikaanza kuteleza nyuma.

"Mama!" Fundi alipiga kelele. "Kamba hiyo mbele yako! Vuta!"

Kulikuwa na kamba ya mbele, inaning'inia kutoka kwenye mti wa juu, tuliyoiacha ya kufungia baadaye. Nikasikia kikapu kinaanguka. Kisha uzito ukapungua. Mwanamke aliyebeba mikungu ya ndizi maisha yake yote akaegemea kamba ile kwa mwili mzima, Salvatori akarudisha mkono, ukuta ukaanza tena kupanda.

"Vuta, mama. Vuta. Polepole sasa. Legeza. Legeza, mama, umefika, usiuite huko kwako! Basi!"

Tukapigilia mihimili, mimi bado nimefumba macho, napiga vidole vyangu kuliko misumari. Nilipofumbua, hakukuwa na mtu. Kikapu kilikuwa kimelala kwenye nyasi na ndizi zimetawanyika.

Salvatori alikaa chini akashika kofia yake kama kitu kilichomtukana. Nilingoja Fundi amtukane, hakumtukana. Alikuja akakaa kando yake, akanyoosha ule mguu mbovu.

"Tulikuwa wengi tumeshika ukuta siku hiyo," alisema. "Alipita mzee mmoja wa heshima. Wote wakavua kofia. Mimi niliacha mguu. Kaka yangu hakutoka."

Halafu akainuka na kuanza kukunja kamba. Hakulisema tena jambo hilo, na sisi hatukumuuliza tena habari za mamba.

Usiku ule sikulala kwa hofu. Jumamosi watu wakaja, wakakuta ukuta wima, wakanung'unika, wakapewa vibuyu. Baba mkwe hakugusa kibuyu. Aliuzunguka ukuta, akausukuma kwa bega, akausukuma tena. Kisha akakiona kikapu. Katika wazimu wetu wote, hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Akakiinua, akakigeuza. Kilikuwa na utepe mwekundu ukingoni, na mtu yeyote anaijua kazi ya mikono ya mke wake.

"Fundi," akasema, "ukuta huu mliusimamisha wangapi?"

Nilijua jibu lake. Mtu yule asingempa hata Malaika Gabrieli sifa ya msumari mmoja.

"Wanne, mzee," alisema Fundi. Kisha akakitazama kile kikapu, na nikamwona anavyoumia. "Na upepo."

"Upepo?"

"Upepo, mzee. Sijapata kuona. Tulikuwa tumekwama, ukaja kwa mbele, ukatuvutia. Bila upepo ule tungekufa. Nadhani ulipita nyumbani kwa watu, ukaangusha na vikapu."

Barnaba alikohoa mpaka akatoka nje ya uwanja. Baba mkwe alimtazama Fundi, akanitazama mimi niliyekuwa natazama vidole vya miguu yangu, akautazama ukuta. Alikitia kile kikapu kwapani.

"Upepo wa namna hiyo," akasema, "upite mara moja tu." Kisha akaomba kibuyu.

Jumatatu, hata udongo hatujakandika, Stela alirudi, Edita mgongoni. Aliniambia mama yake hakueleza lolote, alisema tu, "Nenda, nyumba ile haitikisiki," kama mtu aliyeijaribu mwenyewe. Na kuanzia hapo, miaka na miaka, mimi na mama mkwe tulikimbiana njiani kwa heshima zote, migomba kwa migomba, kama watu ambao hawajawahi kuonana sura.

Miaka ya tisini Fundi alianguka kitandani. Nilipopata habari nikaenda na baiskeli. Mke wake alikuwa anatoka na ndoo. "Afadhali umekuja," akaniambia. "Anataka kukaa kitako, na mimi peke yangu simwezi. Nachota maji, narudi."

Nikaingia. Alikuwa amebaki mifupa mitupu chini ya shuka.

"Shikamoo, Fundi."

Kimya. Nikasogea. "Shikamoo, Fundi. Ni mimi, Baba Edita." Alinitazama vizuri kabisa na hakujibu. Iliniuma, sifichi. Nikadhani amenisahau. Ndipo nikaona amejishika kwenye kamba iliyofungwa mguuni pa kitanda, kichwa kimeinuka nusu kutoka kwenye mto, shingo inatetemeka. Alikuwa katikati ya kazi.

Nikapanda nyuma yake haraka, nikamwekea mikono mgongoni. "Polepole," akanong'ona. "Usinipitishe." Akawa mzito kuliko nilivyotegemea, na mimi nina mikono miwili tu, miguu yake ikaanza kuteleza mbele kwenye godoro. Nilipotaka kumrudisha chini, tukasikia hodi mlangoni, sauti ya mwanamke mzee aliyekuja kumwona mgonjwa. Sauti hiyo naijua popote. Macho yangu yakaenda kwenye mlango wa nyuma.

"Uko hewani," Fundi akasema.

Nikabaki. Mama mkwe wangu akaingia, akaona, akasimama. Tukatazamana juu ya bega la Fundi. Safari hii sikufumba macho. Naye hakujifunika. Aliweka kikapu chini, taratibu, akaja mbele ya kitanda, akazuia miguu ya mgonjwa kwa goti lake, akamshika mikono yote miwili.

"Vuta, mama," Fundi akasema. "Legeza. Basi."

Nikasukuma mto na gunia la nguo nyuma yake, nikajaribu kama vinashika, nikaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Akakaa wima. Akavuta pumzi ndefu, akanigeukia kidogo.

"Marahaba," akasema.

Kisha akamtazama mama mkwe na ule uso mtakatifu aliompa paroko. "Karibu, mama. Usione haya, Baba Edita hayupo hapa. Niko peke yangu. Ni upepo tu ulionikalisha."

Mama mkwe alichukua kikapu chake, akaanza kutoa ndizi moja moja na kuzipanga kwenye meza. Alinitazama kichwani, mahali nywele zangu zilipoanza kugeuka rangi.

"Nimeuona," akasema. "Umeota mvi, maskini."